Shusha Sampu Kabla ya Kunyanyua Hedi

Safu ya fundi: majibu kwa maswali ya wasomaji

Barua tatu kati ya zilizofika mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani maji ya rejeta kuonekana ndani ya oili ya injini. Mbili kati yake zinatoka kwa watu ambao injini zao zimetoka kufanyiwa ovaholi, na gharama bado inauma. Nimeziweka pamoja, nikianza na ile yenye mambo mengi zaidi.

SWALI: Bwana Fundi, shikamoo. Ninamiliki Toyota HiAce yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, inayobeba abiria kati ya Morogoro na Ifakara. Miezi miwili iliyopita injini ilifunguliwa yote: bloku ilichongwa, zikawekwa pistoni, ringi na beringi mpya, hedi (kifuniko kizito cha juu ya silinda) ikaskimiwa, yaani uso wake ukasawazishwa kwa mashine, na gasketi mpya ikafungwa. Gari lilitembea takribani kilomita 600 bila shida. Baada ya hapo dipstiki ilianza kutoka na oili yenye rangi ya chai ya maziwa, na kila asubuhi rejeta inadai karibu nusu lita ya maji, ingawa gari lililala likiwa limejazwa. Chini ya gari hapadondoki kitu. Moshi mweupe hakuna, nguvu ipo, na fundi alipima kompresheni akakuta silinda zote nne ziko sawa. Kuna utando mweusi wa mafuta ndani ya chupa ya akiba ya maji, lakini fundi anasema ni uchafu wa zamani. Yeye anataka kunyanyua hedi tena na kufunga gasketi kwa silikoni pande zote mbili. Fundi mwingine anasema bloku ilipasuka ilipochongwa, na kwamba ninunue injini ya mtumba. Nimsikilize yupi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usimsikilize yeyote kwa sasa, kwa sababu hata kama mmoja wao amepatia, amepatia kwa kubahatisha. Injini hiyo isiwashwe tena, hata kwa kulisogeza gari kutoka kivulini. Oili iliyochanganyika na maji haiwezi kuushika ule utando mwembamba unaoitenganisha kranki na beringi zake, na kama ndani ya maji yako mna kulanti halisi (dawa ya kupozea injini), glaikoli yake huigeuza oili kuwa tope zito na huanza kula tabaka laini la juu la beringi. Beringi zilizotembea kilomita 600 zinaweza kuokolewa, lakini zikiendelea kuzungushwa ndani ya mchanganyiko huo utalipia ovaholi ya pili.

Hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni maji. Pasha kijiko cha chuma juu ya jiko la mkaa mpaka kiwe cha moto bila kuwa chekundu, kisha dondoshea tone moja la oili kutoka kwenye dipstiki. Oili safi itatandaa na kutoa moshi kidogo kimyakimya, ilhali oili yenye maji itachachatika na kurusha vitone kama kitunguu kilichotiwa katika mafuta yaliyochemka.

Jaribio la pili halihitaji hata jiko. Jaza rejeta, acha gari lilale, na asubuhi weka beseni safi chini ya sampu (karai la oili lililo chini ya injini), uilegeze nati ya kumwagia oili polepole bila kuichomoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini kabisa. Yakitangulia kutoka maji yenye rangi yake ya kulanti, yasiyochanganyika na kitu, ujue yameingia injini ikiwa imezimwa, maana yale yaliyoingia injini ikizunguka yameshapigwa na kranki mpaka yakawa hiyo chai ya maziwa unayoiona. Kuyajua haya ni kujua nusu ya ugonjwa, kwa sababu njia ya maji inayofanya kazi gari likiwa limelala ni tofauti na ile inayohitaji injini iwe inavuta.

Katika barua yako mna mambo mawili uliyoyataja kama kwa kupita, nami nayaona ndiyo ya maana kuliko kompresheni na moshi. La kwanza ni kwamba maji hupungua zaidi usiku. La pili ni ule utando mweusi katika chupa ya akiba. Fikiria presha zilivyo. Injini ikiwa ya moto, maji ya rejeta hushikiliwa na kofia yake kwa presha ya paundi 13 au 16 hivi kwa inchi ya mraba, wakati oili iliyo katika njia zake za kusukumwa huwa na paundi 40 na zaidi gari likiwa safarini. Tundu likiwa kati ya maji na oili yenye presha, basi mchana oili ndiyo itakayosukumwa kuingia katika maji. Dereva akizima injini, presha ya oili huanguka mara moja, ilhali maji bado ni ya moto na bado yana presha yake, na hapo mkondo hugeuka: maji huingia katika oili, polepole, mpaka injini ipoe. Ndiyo maana oili huonekana katika chupa na maji huonekana katika sampu, kwa tundu lilelile moja.

Mahali ambapo maji na oili yenye presha vinakaribiana katika injini yako si pengi. Pa kwanza ni kipozeo cha oili kilichofungwa ubavuni mwa bloku, ambacho ndani yake oili hupita katika bamba nyembamba huku maji ya injini yakizunguka nje yake. Pa pili ni pale njia inayopandisha oili kwenda kwenye hedi inapopita katika gasketi. Matundu mengine ya oili katika gasketi ni ya kurudishia tu, oili hutiririka humo bila presha yoyote, na tundu la maji likipasukia huko maji yataingia katika oili lakini oili haitaingia katika maji. Kwa hiyo ningekuwa mimi, kitu cha kwanza ningemuuliza fundi wako ni hiki: wakati wa ovaholi, kipozeo cha oili kilifunguliwa na kupimwa, au kilisuuzwa kwa dizeli na kurudishwa pamoja na oringi na gasketi zake za zamani? Najua jibu la gereji nyingi. Kipuri hicho husahauliwa kwa kuwa hakizunguki wala hakipigi kelele.

Nami siwanyooshei wengine kidole nikiwa msafi. Nilipokuwa fundi kijana nilinyanyua hedi ya lori moja mara mbili ndani ya wiki moja, kila mara kwa gasketi mpya, na mara zote mbili maji yakarudi. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi alinitazama bila kusema neno mpaka nilipoishika spana kwa mara ya tatu, ndipo akaniagiza nikaangalie kipozeo. Bamba moja lilikuwa na ufa usiofika urefu wa ukucha.

Hata hivyo, dalili hazifungui boliti. Kuna njia ya kuiuliza injini yenyewe, nayo huanzia chini, si juu. Ukinyanyua hedi umeshaharibu ushahidi, kwa kuwa gasketi iliyochomolewa haiwezi tena kuonyesha mahali ilipokuwa ikivuja chini ya mkazo wa boliti. Sampu, kwa upande wake, inashushwa bila kugusa kitu chochote kinachoshikilia maji. HiAce yako ya kuvuta kwa nyuma ina bahati hapo, kwani kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Katika magari mengi ya kuvuta kwa miguu yote minne difu ya mbele hukaa njiani, na fundi hulazimika kuishusha kwanza au kuinyanyua injini.

Sampu ikishuka, futa kwa kitambaa kila unachokiona juu yako: matumbo ya silinda, miguu ya pistoni, vifuniko vya beringi, kuta za bloku. Kisha tandika katoni chini, na uchore juu yake kwa kalamu mahali zilipo silinda namba 1 hadi 4. Jaza rejeta na uitie presha kwa pampu ya kupimia rejeta, isiyozidi kiasi kilichoandikwa juu ya kofia ya rejeta. Asiyekuwa na pampu hiyo anaweza kuchukua kofia kuukuu ya ukubwa uleule, akafunga humo valvu ya tairi isiyo na tyubu, na kutumia pampu ya baiskeli yenye geji. Upepo wa kompresa ya gereji usiutumie moja kwa moja, maana una paundi zaidi ya 100 na utapasua rejeta kabla hujafumba macho. Ishikilie presha hiyo kwa saa moja, na ikibidi kwa saa tatu, ukiiongeza kila inaposhuka, kisha ulale chini na tochi na utazame.

Tone likichungulia katika vifuniko vya beringi za kranki, mahali ambapo oili hutokea kwa kawaida, maana yake ni kwamba maji yameingia katika njia kuu ya oili, na kwa injini kama yako hilo linaelekeza kwenye kipozeo kuliko mahali pengine popote. Matone yakishuka kutoka katika matundu ya kurudishia oili kutoka juu, fungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi) ili uone kama yanaanzia katika hedi penyewe. Ikiwa juu pakavu, basi shaka inabaki katika gasketi kati ya tundu la maji na tundu la kurudishia oili, na kompresheni nzuri haikatai jambo hilo hata kidogo, kwa sababu ufa huo haugusi silinda. Maji yakitiririka ndani ya silinda na kushuka kandoni mwa pistoni, tazama katoni yako ni silinda namba ngapi, kisha chomoa hita plagi zote na uizungushe kranki kwa mkono taratibu, wala si kwa staata, maana maji yaliyojaa juu ya pistoni hayabanyiki na yatapinda fimbo ya pistoni.

Hapa ndipo fundi wako wa pili anaweza kuwa na haki. Bloku iliyochongwa kupita kiasi, au iliyokuwa imeliwa na kutu upande wa maji, inaweza kuvuja kupitia ukuta wa silinda, na ufa ukiwa chini kuliko ringi zinapofika pistoni ikiwa juu, kipimo cha kompresheni hakitauona. Utauona ukiwa umelala chini na tochi, pistoni ya silinda hiyo ikiwa imepandishwa juu kabisa. Ufa wa namna hiyo mara nyingi unatibika kwa kuingiza slivu (bomba la chuma linalokuwa ukuta mpya) katika silinda hiyo moja, na si sababu ya kukimbilia injini ya mtumba ambayo nayo hujui ilikotoka ilikuwa inaumwa nini.

Ikiwa matone yameelekeza kwenye kipozeo, kichomoe, zibeni midomo yake ya oili kwa bamba na mpira, tieni upepo wa paundi 30 hadi 40 na mkizamishe ndani ya ndoo ya maji ya moto. Povu likitokea, au oringi zikionekana zimekauka na kubapa, mmefika. Nunueni kipozeo kipya, kwani cha kuchomelea hakinipi usingizi, na mfunge kwa oringi na gasketi mpya.

Ikiwa yote hayo yamekuwa makavu, basi sasa nyanyueni hedi, lakini iende kwanza katika karakana ya mashine kupimwa kwa presha ndani ya maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, kwa sababu hedi za aluminiamu za 1KZ-TE zinajulikana kwa kupasuka kati ya viti vya valvu, na nyufa nyingine hufunguka zikipata joto tu. Aliyeskimu hedi hiyo aulizwe alivifanyaje vile vyumba vidogo vya kuwashia mafuta vilivyopachikwa katika uso wake. Visipokaa sawa na uso huo, gasketi hukaliwa vibaya hata kama hedi inang'aa. Wekeni rula ya chuma juu ya hedi na juu ya bloku pia, kwa urefu na kwa mshazari, na mpitishe filagaji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake. Nafasi inayopitisha kibamba cha 0.10 mm ni ya kutiliwa shaka, na kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Pitisheni ukucha kuzunguka kila tundu la maji. Wengi wetu hujaza rejeta maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi hiyo hula aluminiamu kwenye ukingo wa tundu mpaka gasketi ikose pa kukalia.

Kuna gasketi za unene tofauti kwa injini hii, na huchaguliwa kwa kupima kila pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku ikiwa imepanda. Umebadilisha pistoni, kwa hiyo gasketi iliyofungwa kwa kuangalia ile ya zamani huenda si yake. Matundu ya boliti nayo yawe makavu kabisa. Tundu lenye oili au maji chini yake huifanya spana ya toki (ya kupimia mkazo wa boliti) ilie mapema, fundi akadhani boliti imekaza kumbe imekanyaga maji, na mara nyingine bloku hupasuka hapohapo.

Kuhusu silikoni pande zote mbili, jibu langu ni hapana. Gasketi ya hedi hufungwa kavu isipokuwa mtengenezaji ameagiza vinginevyo. Silikoni inayozidi husukumwa ndani, hukatika vipande na kwenda kuziba ungo wa pampu ya oili au njia nyembamba za rejeta, na fundi anayeitumia kuficha uso usio sawa anakuuzia miezi michache tu. Vilevile mwambie asisugue aluminiamu kwa grainda yenye brashi ya mchanga. Huacha mabonde yasiyoonekana kwa macho, na vumbi lake likiingia katika oili hufanya kazi ya msasa ndani ya beringi.

Uvujaji ukishatibiwa, na kabla sampu haijarudi, fungua kifuniko cha beringi moja au mbili utazame. Ziking'aa kwa rangi moja ya kijivu, rudisha. Zikiwa na madoa meusi au rangi ya shaba imejitokeza, badilisha zote. Kisha tia oili ya bei nafuu na filta mpya, washa injini kwa mwendo wa chini bila mzigo mpaka ipate joto, mwaga, na urudie mara mbili au tatu hadi oili itoke bila weupe. Usijaze dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini na kuiwasha eti ijisafishe. Dizeli haina utando wa kuzilinda beringi. Mfumo wa maji nao uoshwe, utiwe kulanti na utolewe hewa vizuri, hita ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa povu la hewa lililonaswa katika hedi lina uwezo wa kuipinda katika safari ya kwanza.

SWALI: Fundi, pokea salamu kutoka Nakuru. Nimerithi Peugeot 504 pikapu ya petroli kutoka kwa marehemu baba. Fundi alibadilisha slivu, pistoni na ringi, na gasketi ya hedi. Tulipojaza maji kwa mara ya kwanza, hata kabla ya kuwasha, tulisubiri usiku mmoja na asubuhi dipstiki ilionyesha oili imepanda juu ya alama. Tulimwaga, na lita mbili za maji zikatoka. Fundi alikaza hedi upya, lakini maji bado yanashuka. Je, gasketi ilikuwa mbovu?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Pole kwa msiba, na hongera kwa kulitunza gari hilo. Wenye umri wangu tunaikumbuka Safari Rally ya 1975, Ove Andersson alipoishinda na 504, na pikapu zake bado zinapanda milima ambayo magari mapya huikimbia.

Mambo yako ni mepesi kuyasoma kuliko ya ndugu wa Morogoro. Katika injini ya HiAce maji huzunguka nje ya ukuta wa silinda uliochongwa katika bloku yenyewe. Katika injini ya 504 slivu husimama peke yake ndani ya maji, ikiwa imeshikwa juu na hedi na chini na sili nyembamba inayokalia ukingo wa bloku. Kati ya maji na sampu hakuna kitu kingine isipokuwa sili hiyo. Maji yanayoshuka injini ikiwa baridi, haijawashwa, bila presha ya aina yoyote, kwa kiasi cha lita mbili kwa usiku mmoja, karibu kila mara yanapita hapo.

Shusheni sampu, jazeni maji bila kutia presha, na mtazame miguu ya slivu kwa tochi. Mtaona maji yakizunguka mguu wa slivu moja au mbili kama jasho kabla ya kudondoka.

Kisha muulize fundi, kwa adabu, kama aliizungusha kranki baada ya kuzikalisha slivu na kabla ya kufunga hedi. Hili ni kosa la kawaida sana. Slivu za aina hii zisipobanwa kwa vipande vya chuma na boliti, pistoni inapopanda huzivuta kwa ringi zake, slivu hunyanyuka kiasi kidogo mno, sili ya chini huachia, na hairudi tena mahali pake hata hedi ikikazwa kwa nguvu zote. Kukaza zaidi kunaweza kuikata ile gasketi au kuipinda hedi ya aluminiamu, kwa hiyo jambo hilo lisirudiwe.

Dawa yake ni kutoa hedi na slivu zote nne, kusafisha ukingo wa chini katika bloku mpaka chuma kionekane, maana chembe moja ya kutu inatosha kuiinamisha slivu, na kuweka sili mpya. Slivu ikishakaa, ipimwe kwa saa ya kupimia jinsi inavyochomoza juu ya uso wa bloku. Ni lazima ichomoze kidogo, kwa sehemu chache za mia za milimita, ili hedi iikandamize, na slivu jirani zisitofautiane kupita kiasi kilicho katika kitabu cha injini hiyo. Slivu iliyozama haibanwi na kitu, na hata ukibadilisha gasketi mwaka mzima hazitaisaidia. Pimeni kabla ya kufunga, si baada ya maji kushuka.

Kwa kuwa injini haikuwashwa, beringi zenu huenda hazijapata madhara. Zikaushwe, zipakwe oili mpya siku hiyohiyo, zisiachwe zimelowa mpaka fundi apate nafasi Jumatatu.

SWALI: Bwana Fundi, ninaishi Njombe na nina Toyota IST. Chini ya kifuniko cha kutilia oili pana ute mweupe kama mayonezi. Jirani ameniambia gasketi ya hedi imekwenda, na fundi amenipangia siku ya kuifungua. Injini haijawahi kufunguliwa. Gari natumia kwenda kazini tu, dakika kumi kwenda na kumi kurudi. Nifanye nini?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ahirisha hiyo siku. Injini inapowaka hutengeneza mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya ringi na kuingia penye oili. Katika injini inayopata joto la kutosha mvuke huo hufukuzwa kupitia valvu ya hewa iliyo katika tapeti kava na kuchomwa. Katika baridi ya Njombe, kwa safari ya dakika kumi, oili haifikii joto la kuufukuza, na mvuke hugandia mahali penye baridi kuliko pote, ambapo ni kile kifuniko chembamba kinachopigwa na upepo.

Tazama mambo matatu kabla ya kumlipa mtu. Futa dipstiki na uitazame juani: ikiwa oili yake ni safi na kiwango hakijapanda, hiyo ni dalili njema. Weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba ya maji, na uisome kila asubuhi kabla ya kuwasha kwa wiki mbili. Kisha futa ute wote katika kifuniko, ulipeleke gari safari ya saa nzima au zaidi, mathalani hadi Makambako na kurudi, na ufungue tena. Ikiwa maji hayakupungua, dipstiki ni safi na ute umepungua au umetoweka, hakuna cha kufungua. Mwambie fundi aikague tu ile valvu ya hewa, kwa kuwa ikiziba ute hurudi haraka, na aitazame thermostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto), maana baadhi ya mafundi wetu huichomoa na kuitupa wakidhani wanaipunguzia injini joto, na katika mkoa wenye baridi gari la namna hiyo halipati joto lake kamwe. Badilisha oili mapema kuliko kawaida kwa safari fupi kama zako. Dipstiki ikibadilika rangi wakati wowote, au maji yakishuka chini ya alama yako, zima gari na uanze na jaribio la kijiko nililomweleza ndugu wa Morogoro hapo juu.